Edward Hooper na kitabu chake cha The River: huyu mwandishi ni wa kuaminika au tumepigwa?

Baba Nasra

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Niende kwenye mada moja kwa moja maana sina usingizi.

Nina mtoto wa pili, ana wiki 6, jumatatu ni siku ya kliniki na kwenye kadi imeandikwa matone ya polio pamoja na sindano zake. Sasa mama mkwe yupo hapa kwangu tangu mke wangu ajifungue, na juzi katumiwa klipu kwenye grupu la ukoo, kama dakika 7 hivi, sauti ya mwanaume inaongea taratibu kama mchungaji, anasema ukimwi ulitoka kwenye chanjo ya polio ya matone waliyopewa watu wa Kongo miaka ya 50, wazungu walifuga sokwe mia kadhaa karibu na Kisangani wakawa wanawachinja, na kuna mwandishi wa BBC kaandika kitabu cha kurasa elfu moja akiwa na ushahidi wote na hakuna mtu aliyeweza kumjibu. Mama mkwe kasema mjukuu wake hawekewi kitu mdomoni. Na nyie mnajua mama mkwe akishasema akiwa kwako, wewe mwenye nyumba unakuwa mpangaji.

Nikasema ngoja nitafute nimuumbue. Kumbe kitabu kipo kweli! The River, 1999, Edward Hooper, na utangulizi kaandika profesa mkubwa wa Oxford, sio mtu wa mtaani. Hapo ndo nikaishiwa nguvu.

Kwaiyo naomba kujua kwa waliosoma, huyu Hooper ni nani hasa, kaandika vitabu gani, na hicho kitabu kina ukweli kiasi gani. Sitaki majibu ya "google utaona", nimegugo mpaka kichwa kinauma. Na wale wa matusi kuna nyuzi za siasa kule.

tumbili wa stendi

Naweka kambi hapa. Mwenye kahawa apitishe.

Karani Mstaafu

Baba Nasra hongera kwa mtoto. Mimi hicho kitabu nimekisoma chote, ilinichukua kama miezi mitatu maana ni kinene unaweza kukalia, na tanbihi zake peke yake ni kitabu kingine. Ngoja nieleze ninavyokumbuka.

Hooper ni muingereza. Kabla ya vitabu alishafanya kazi Umoja wa Mataifa na baadae akawa anaripotia BBC kutoka Afrika, na katikati ya miaka ya 80 alikuwa Uganda, wakati ule Museveni ndo kaingia tu Kampala na huku chini Rakai watu wanakwisha kwa ugonjwa ambao waganda waliuita slim, yani kukonda. Waandishi wengi wa nje walikuwa wanakaa hotelini Kampala wanaandika, yeye akashuka mpaka Kasensero, ule mwalo wa wavuvi ufukweni mwa ziwa, karibu kabisa na mpaka wetu. Kitabu chake cha kwanza kilitokana na hiyo safari, kinaitwa Slim, kilitoka 1990. Hicho ni cha mwandishi wa habari anaeandika alichokiona kwa macho, na mimi kwa maoni yangu ndo kitabu chake bora, ingawa hakuna anaekitaja.

Baada ya hapo akashikwa na swali moja: huu ugonjwa umetoka wapi? Akalifukuzia karibu miaka 10. Mwenyewe anasema alihoji watu zaidi ya 600, amekaa na madaktari wa kibelgiji waliozeeka, wauguzi wa kikongo, watu wa maabara Marekani, kafukua makabrasha ambayo hata wenyewe walishayasahau. Mfano mdogo: 1990 jarida la Lancet lilitangaza kwamba baharia mmoja wa Manchester aliyekufa 1959 alikuwa na ukimwi, dunia nzima ikaamini huyo ndo wa kwanza. Hooper akaenda kuchimba safari za huyo bwana moja baada ya nyingine na akaona hesabu hazikai sawa. Na kweli 1995 maabara ya Marekani ikaonyesha kuwa ile sampuli ilichafuliwa na virusi vya kisasa, yule baharia hakuwa na ukimwi. Sasa mtu wa namna hiyo huwezi kumuita mbabaishaji.

Halafu ndo akaja na jibu lake mwenyewe. The River inasema hivi: kati ya 1957 na 1960 daktari wa Marekani mzaliwa wa Poland, Hilary Koprowski, alijaribu chanjo yake ya polio iitwayo CHAT kwa watu wapatao milioni moja kwenye Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, yani Rwanda na Burundi za leo. Wakati huohuo kulikuwa na kambi ya sokwe mahali panaitwa Lindi, kilomita chache kutoka Stanleyville, ambayo ndo Kisangani ya leo. Hooper akaunganisha: chanjo ilioteshwa kwenye figo za wale sokwe, sokwe walikuwa na virusi, virusi vikaingia kwa watu kupitia matone. Akachora ramani ya vituo vya chanjo akaweka juu ya ramani ya wagonjwa wa mwanzo wa ukimwi, zikalingana lingana.

Ukisoma usiku peke yako unaamini. Mimi niliamini. Niliamini kama miaka minne hivi, nikawa nawahutubia watu kwenye daladala.

Mzalendo Halisi

Sasa Karani unazunguka nini, sema ukweli. Kambi ya sokwe ilikuwepo au haikuwepo? Watu wetu walipewa chanjo ya majaribio au hawakupewa? Waliombwa ridhaa? Hayo yote yapo na hamuyakatai, alafu mwisho wa siku mnasema mama wa watu ni mjinga. Mimi nasema mama mkwe ana akili kuliko digrii zenu. Hao hao walipika chanjo kwenye figo za nyani Marekani kwao wakapeleka virusi vya SV40 kwa mamilioni ya watoto wao wenyewe, je kwa mwafrika wangeshindwa nini?

Karani Mstaafu

Mzalendo hakuna aliyemuita mtu mjinga, punguza mwendo. Na tena umesema kweli, la SV40 lilitokea, chanjo za polio za 1955 hadi mwanzoni mwa miaka ya 60 zilioteshwa kwenye figo za nyani wa Asia na zikakutwa na kirusi cha nyani. Ndo maana wanasayansi hawakumcheka Hooper. Hata kabla yake, 1992 jarida la Rolling Stone la Marekani liliandika wazo hilohilo, Koprowski akalishtaki, mwaka uliofuata jarida likatoa ufafanuzi. Ila Hooper hawakuweza kumfukuza kwa mawakili, kwa sababu alikuja na gunia la nyaraka. Walilazimika kwenda kupima.

Na hapo ndo kitabu kinapoishia na mambo yanapoanzia. Klipu ya mama mkwe imekatwa 1999. Sijui kuna mtu wa maabara humu?

sindano_butu

Niko hapa, nilikuwa shifti. Nafanya kazi maabara, sio mkubwa wala nini lakini hii ishu naijua vizuri maana tulifundishwa darasani na mwalimu mmoja alikuwa anaipenda kama mpira.

Septemba 2000 Royal Society ya London waliitisha mkutano wa siku mbili kwa ajili ya hoja hii tu. Hebu fikiria, mwandishi wa habari asiye na digrii ya biolojia kaandika kitabu, na chama cha wanasayansi kikongwe kuliko vyote Uingereza kinakaa kikao kumjadili. Hooper alialikwa akazungumza, Koprowski alikuwepo na wenzake. Kwahiyo yule wa klipu anaposema "hakuna aliyemjibu" hiyo ni chai.

Kwenye mkutano yakaletwa majibu ya vipimo. Taasisi ya Wistar ya Philadelphia, kule alikokuwa anafanyia kazi Koprowski, ilikuwa bado na mabaki ya chanjo ya CHAT kwenye friza, yakagawiwa kwa maabara tofauti zisizohusiana, wapime bila kuambiana. Hawakukuta HIV, hawakukuta kirusi cha sokwe, na vinasaba vya seli vilivyokutwa humo ni vya nyani wa kawaida wa Asia, sio sokwe. Hooper akajibu, ile bechi iliyopelekwa Kongo sio hiyo, ile nyingine ilioteshwa hukohuko Stanleyville. Wale wazee wa maabara ya Stanleyville waliokuwa bado hai wakakataa. Hapo ndo mimi namtoa alama, maana kila goli likifungwa yeye anasogeza milingoti.

Lakini kilichomaliza kesi sio friza. Ni mavi ya sokwe. Samahani kama kuna anaekula.

Yule profesa wa Oxford aliyeandika utangulizi anaitwa W. D. Hamilton, kwenye mambo ya mageuzi ya viumbe ni mmoja wa vichwa vikubwa kabisa vya karne iliyopita. Yeye alisema, nyie mnabishana nini, twendeni Kongo tukachukue sampuli za sokwe wa kule tuone kama virusi vyao ndo baba wa HIV. Mwanzoni mwa 2000 akaenda kweli, Kisangani, katikati ya vita, mzee wa miaka 63, akiwa na vijana wawili mmoja wao anaitwa Michael Worobey. Wakakusanya kinyesi na mkojo msituni. Hamilton akashikwa na malaria, akarudishwa London, akazidiwa, akafariki tarehe 7 Machi mwaka huohuo. Sampuli za safari ile hazikutoa jibu la maana. Worobey akarudi tena baadae na wenzake, na 2004 wakachapisha kwenye jarida la sayansi la Nature: sokwe wa maeneo ya Kisangani wana kirusi kweli, ila ukoo wake ni mwingine kabisa, sio ule uliozaa HIV-1 inayotembea duniani. Ukoo uliozaa hii yetu ulikutwa 2006 kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni. Kameruni na Kisangani ni mbali jamani, na kambi ya Lindi ilikusanya sokwe wa misitu ya upande wa Kisangani.

Cha kuongezea kwa watanzania: sokwe wa porini wa kwanza kukutwa na hicho kirusi alikuwa Gombe, Kigoma, matokeo yalitoka 2002. Na 2009 ikaonekana sokwe wa Gombe wenye kirusi wanakufa mapema zaidi kuliko wenzao, yani nao wanaumwa kitu kinachofanana na ukimwi. Kirusi cha Gombe ni ndugu wa kile cha Kisangani, sio cha Kameruni. Na miaka yote watu wa Kigoma wameishi karibu na wale sokwe ila ukimwi wao ni uleule wa ukoo wa Kameruni kama wa kila mtu.

Baba Nasra

sindano_butu hapo kwenye ukoo naomba unyambulishe, mama mkwe atauliza wamejuaje. Yeye ni mtu wa "niambie kama unamwambia mtoto".

sindano_butu

Haya. Mama mkwe kwao wapi? Ngoja nitumie lugha.

Chukua Kiunguja, Kimvita na Kiamu. Ukimsikiliza mtu wa Lamu na mtu wa Unguja unajua hawa lugha moja, lakini maneno yameachana kidogo kidogo. Hakuna siku watu walikaa wakaamua "leo tubadilike", ni vizazi na vizazi, mmoja anasema jicho mwingine jito mwingine ito. Kadiri lahaja zilivyoachana ndivyo unavyojua zilitengana zamani zaidi. Sasa virusi navyo vinajinakili na kila vikijinakili vinakosea herufi mbili tatu, na makosa yanarithiwa.

Kuna sampuli mbili za zamani kuliko zote, zote za Kinshasa, wakati huo Léopoldville, moja damu ya 1959, nyingine kipande cha nyama ya mwili cha 1960. Zilipokuja kusomwa, na matokeo yakatoka 2008, zikakutwa tayari zimeachana kwa karibu asilimia 12. Yani 1960 kulikuwa tayari na "Kiamu" na "Kiunguja" mji mmoja. Wakapiga hesabu kurudi nyuma mama yao aliishi lini, ikatoka kama 1908, ukiweka nafasi ya kukosea ni kati ya 1884 na 1924. Chanjo ya Koprowski imeanza Kongo 1957. Huwezi kumsingizia mtoto kwamba kamzaa bibi yake.

kaburumatari

"Huwezi kumsingizia mtoto kwamba kamzaa bibi yake" hahahaaa hii naiba.

Muzee wa Uvira

Salamu kwenu wote. Mimi ni mutu wa Uvira, mashariki ya Kongo, saa hii niko Bujumbura. Hii habari inatugusa sisi wa bonde la Ruzizi, juu kampeni kubwa ya ile chanjo ilipita kwetu. Mwaka 1958, mwezi wa pili mpaka wa nne, batu zaidi ya laki 2 walipewa kwa wiki chache. Wakubwa na watoto, si watoto tu.

Nyanya yangu alikuwaka kati yao. Alituambiaga walipangwa mustari na chifu, mufirmiye, ndiyo nesi, anakutilia maji kidogo kinywani, unameza, unaondoka. Hakuna mutu aliwaeleza ni dawa ya nini. Hawakuuliza, juu wakati ya Wabelgiji ulikuwa hauulizi. Alizaa watoto 9, alikufa akiwa muzee kabisa, na si ya ukimwi.

Najua nyanya moja si ushahidi. Nasema tu hivi: yule ndugu Mzalendo ana haki kukasirika, mimi pia nakasirika, juu walitufanya kama shamba la majaribio na hawakutuambia. Lakini hasira yangu ni ya ile kitu walifanya, siwezi kuwawekea ingine ambayo hawakufanya. Na wale sokwe wa Lindi, zaidi ya 400 kwa hesabu ya huyo Hooper, nao ni dhambi peke yake. Hooper alikuja, akakaa na wazee waliotumika pale kambini, akawauliza majina yao, akaandika walichosema. Hakuna mutu alikuwa amewauliza mbele yake. Kwa hiyo mimi simutukane.

Mzalendo Halisi

Muzee wa Uvira nimekuelewa na nakuheshimu. Ila bado ile ramani. Mbona chanjo na ukimwi vilianzia sehemu zilezile? Hilo mnalijibuje?

Wanjiru wa Gikomba

Hiyo ya ramani acha nijibu kwa sababu nimeisoma kwa kitabu kingine. Chanjo walipeleka wapi? Mahali kuna barabara, kuna hospitali, kuna watu wengi, kuna mto wa kufikisha mizigo na umeme wa friji. Na wagonjwa wa kwanza wa ukimwi waligunduliwa wapi? Mahali kuna barabara, hospitali, watu wengi na daktari wa kuandika. Sasa ukiweka hizo ramani mbili si lazima zifanane? Hata ukichora ramani ya maduka ya soda na ramani ya shule za misheni zitalingana tu. Haimaanishi soda inaleta misheni.

Kitabu ninachosema ni cha daktari wa Canada anaitwa Jacques Pépin, The Origins of AIDS, 2011. Huyu alifanya kazi hospitali ya Nioki huko Zaire miaka ya 80 mwanzoni, baadaye akaanza kujiuliza kama yeye mwenyewe na sindano zake za kuchemshwa hakuchangia. Ni mwanaume anajiuliza hivyo kwa kitabu chake mwenyewe, ilinigusa sana. Anasema mtu mmoja pengine alijikata akichinja sokwe kule Kameruni, mambo ya nyama ya msitu, na hiyo peke yake ingeisha kimya. Lakini wakoloni walikuwa na makampeni ya kudunga watu sindano kwa maelfu dhidi ya malale na magonjwa mengine, sindano chache watu wengi, inapita kwa mkono wa huyu inaingia wa yule. Ongeza reli, ongeza wanaume walioletwa kazi Léopoldville bila wake zao. Moto ukapata kuni.

Kwa hivyo Mzalendo kama unataka ukoloni kwa hii hadithi, uko. Uko kwa sindano, haukuwa kwa matone.

Mzalendo Halisi

Hapo sasa umeongea lugha ninayoelewa. Nakitafuta hicho kitabu.

tumbili wa stendi

Mzalendo kakubali kitu. Wekeni tarehe ya leo ukutani.

Omwana wa Bukoba

Nimechelewa uzi mzuri. Mimi naomba mrudi kidogo kwenye kitabu cha kwanza maana mmekiruka kama Karani alivyosema.

Sisi wa Kagera mnajua ugonjwa ulitukuta kabla ya nyie wote, wagonjwa watatu wa kwanza Tanzania waliandikwa 1983 huku kwetu Kagera. Haukuwa na jina. Upande wa Uganda wakasema slim, kwetu watu wakauita Juliana, jina la vitambaa na nguo za magendo zilizokuwa zinavushwa kutoka Uganda, kwa sababu waliokuwa wanakufa mwanzoni ni wafanyabiashara wenye hela, waliovaa vizuri. Watu waliamini ni uchawi wa waliodhulumiwa mzigo ng'ambo ya mpaka. Neno ukimwi likaja baadae kabisa kutoka juu.

Kwetu kijijini nyumba nne mfululizo zilibaki na bibi na wajukuu. Nilisoma na watoto ambao nyumbani mkubwa ni dada wa miaka 14. Sasa kipindi hicho vyombo vya nje vilikuwa vinaandika Afrika Afrika, takwimu, bara linakufa, hakuna sura ya mtu. Slim cha Hooper kina makosa yake, kuna sehemu anajipendelea sana yeye mwenyewe na mambo yake ya mapenzi ya safarini ambayo mimi sikuyaomba, lakini angalau ukisoma unakuta watu wana majina, wana utani, wanagombana kuhusu bei ya samaki. Unaona kwamba kilichomsukuma kutafuta chanzo miaka kumi sio umaarufu. Alikuwa amewaona wale watu wa Kasensero.

Na nadhani ndo maana hakuweza kuachia. Ukishawaona watu wanakufa hivyo unataka awepo mtu wa kulaumiwa, mwenye jina na anuani. "Mwindaji asiyejulikana alijikata kidole mwaka 1908" hilo jibu halimtoshi mtu aliyezika.

Karani Mstaafu

Omwana umegusa penyewe. Mimi nilipomuacha Hooper ilikuwa sio kwa sababu ya DNA, hiyo nilikuja kuielewa baadae. Nilimuacha niliposoma majibu yake baada ya 2004. Vipimo vya friza vikija, bechi sio yenyewe. Sokwe wa Kisangani wakija, sokwe waliotumika labda walitoka kwingine. Saa ya vinasaba, yani ile hesabu ya kurudi nyuma mpaka 1908, ikija, saa haifai. Kila moja peke yake ni hoja inayosikilizika, lakini zote pamoja unaona mtu ambaye hakuna jibu lolote duniani litakalomfanya aseme nilikosea. Ameendelea kuitetea miaka na miaka. Na huyo ni mtu aliyemvua nguo baharia wa Manchester kwa kufuata ushahidi tu! Alivyokuwa anachimba hadithi za wenzie alikuwa makini, alivyopata ya kwake akaioa.

Hamilton yeye aliona hoja inaweza kuwa kweli akasema twende tukapime, akafa kwa kupima. Na kijana aliyeenda naye, ambaye wala hakuwa amefunga masikio kwa hoja ya Hooper, ndo akaja kuizika. Ukitaka kumuelezea mama mkwe tofauti ya mwandishi na mpimaji, mpe hiyo hadithi.

Kuhusu vitabu vya kuanzia, usianze na The River utazama. David Quammen, muandishi wa sayansi wa Marekani, anao Spillover wa 2012, na sura ya ukimwi aliitoa kama kitabu chembamba 2015 kinaitwa The Chimp and the River, jina lenyewe ni kama anamkonyeza Hooper. Anamwandika kwa heshima na anamkataa kwa heshima. Kinasomeka kama riwaya, yule Hamilton na Worobey wapo humo kwenye msitu na tope.

sindano_butu

Na Baba Nasra swali lako la msingi lisipotee. Matone atakayopewa mwanao sio CHAT. Ile iliachwa zamani sana, dunia ilichukua ya Sabin. Hata ile CHAT yenyewe walipewa mamilioni ya watoto Poland mwishoni mwa miaka ya 50, na Poland haikuwa chimbuko la ukimwi.

Uvumi wa namna hii una gharama. 2003 Kano, Nigeria, matone yalisimamishwa kwa miezi kwa sababu watu waliambiwa yana HIV na yanaondoa uzazi. Polio ikalipuka, ikavuka nchi kwa nchi, 2005 ikafika mpaka Indonesia, kirusi kikapimwa ukoo wake kikakutwa kimetokea Nigeria. Afrika tumekuja kutangazwa kuwa hatuna polio ya porini Agosti 2020. Na ukoo wa kirusi walioupima Indonesia ni kwa njia ileile iliyomtoa Koprowski hatiani, sio kwamba tunaitumia tukitaka tu.

kaburumatari

Madini matupu. Uzi wa mwezi huu.

Baba Nasra

Wakuu nashukuru sana, nimerudi kutoa mrejesho.

Jana usiku nilikaa na mama mkwe sebuleni nikamsomea kuanzia juu. Nilifikiri atanikatisha. Kwenye figo akasema "si nilikwambia", nikaendelea. Kwenye lahaja akacheka maana yeye ni wa Pemba na ana maneno yake na watu wa Unguja mjini. Pale kwa Muzee wa Uvira aliposema bibi yake alipangwa mstari na hakuambiwa ni dawa ya nini, akanyamaza kabisa, baadae akasema hata wao walidungwa shuleni hawakuambiwa kitu, na kovu akanionyesha begani.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea, huyo mzee aliyekufa malaria aliacha watoto?

Sikuwa na jibu.

Akasema basi kesho kadi ya kliniki atashika yeye, na yule nesi amueleze kila tone ni la nini kabla hajamgusa mjukuu wake. Nimemuandaa mke wangu kwa aibu.

sindano_butu

Mabinti watatu. Mwambie. Na nesi akikunja uso mwambie mama asiondoke mpaka aelezwe.